Jibu Nililompa Somoe

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, lakini sisi tumeamkiana asubuhi, tumekula pamoja mchana, na sasa hivi nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako kuhusu kanga ngapi zinatosha kwenda nazo chuoni. Mama yako atashinda. Kwa hiyo salamu tuziache. Mambo ya kuchemsha maji, kutundika chandarua na kuficha nauli nayo nayaacha, maana ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara mbili.

Mimi nina jambo moja, na ni la aibu. Nilitaka kukuambia siku jina lako lilipotoka kwenye orodha ya chuo, lakini majirani walikuja na vigelegele, nikaona nisiwaharibie. Nilitaka tena juzi tulipokwenda kununua viatu vyako vyeupe, nikaishia kukutania kwamba miguu yako ni ya kwetu Tabora, imeumbwa kwa safari ndefu. Ulicheka, muuza viatu naye akacheka, tukarudi nyumbani. Leo ni jioni ya mwisho na bado sijasema, basi nimechukua kalamu.

Jumapili ya wiki iliyopita mchungaji alikuuliza kwa nini umechagua uuguzi, ukajibu kwamba unataka kuhudumia watoto kama baba yako. Kanisa zima likanigeukia. Nilitazama chini mpaka wimbo ulipoanza. Si kwamba sikufurahi. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kwa kule kufurahi, kwa sababu yupo mtoto mmoja ambaye kama angekuwepo pale asingeyakubali maneno yako.

Unamkumbuka Somoe? Mtoto wa Bakari wa Salale, yule aliyekuwa akikaa kwetu kila alipoletwa kituo chetu cha afya Kibiti kwa matibabu. Alikuwa mkubwa wako kidogo, lakini kimo mlilingana. Mlicheza mdako kibarazani kwa sababu kukimbia hakuweza, na alikushinda kila siku, nawe ukaja kwangu kushtaki kwamba anaiba. Alikuwa anaiba kweli. Nilimwona mara nyingi akificha kijiwe chini ya goti, naye aliniona nikimwona, akanikonyeza.

Bakari baba yake alikuwa mnunuzi wa kamba wa baharini. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa, wenye makampuni walileta barafu na maboti mpaka ndani ya mikoko, na mtu mwenye akili ya haraka kama Bakari akapata fedha ambazo baba yake hakuota kuziona. Akanunua mashine ya boti, akaezeka bati, akaleta redio iliyosikika ng'ambo ya mto. Alipenda kusema, "Siku hizi, mtani, kisichouzwa ni jua tu." Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa kununua chumvi, na pengine ndiyo maana nilipenda kuonekana naye.

Tulianza utani siku ya kwanza. Alikuja na jipu mguuni, akaniuliza kabila, nikamwambia Mnyamwezi. Basi! "Wee mpagazi," akasema mbele ya foleni nzima, "nani kakuruhusu kutua mzigo hapa?" Nikamwambia mtu wa pwani mwenye akili huwa na adabu mbele ya mshika sindano. Foleni ikaangua kicheko. Tangu hapo, kila alipopita Kibiti alikuja kunitukana, na nikienda Salale kwa chanjo nilikamata kuku wake uani bila kuomba, na Mwanahawa mkewe akanikimbiza na mwiko huku akicheka.

Wewe umekulia huku, utani unaujua. Lakini nadhani unaujua upande wa kuku tu. Wazee wa pande zote mbili walinifundisha upande wa pili. Nyumba ikiwa na neno zito ambalo ndugu hawawezi kulitamka, huitwa mtani alitamke, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Msibani ndiye anayechekesha wafiwa, na ndiye anayeshika jembe na kuchimba. Anapewa ruhusa ya kucheza na kila kitu kusudi siku ya jambo gumu asiogope. Bakari aliniamini kwa namna hiyo. Alikuwa akiwaambia watu, "Mtoto wangu akiwa na jambo baya, Mnyamwezi ataniambia. Yule hana haya."

Kumbe haya nilikuwa nazo. Nilizificha ndani ya kicheko.

Somoe aliugua homa ya viungo akiwa mdogo, ikamshika moyo. Unayajua haya, na chuoni utafundishwa vizuri zaidi kuliko nilivyofundishwa mimi. Alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, nilimwambia Bakari tumpeleke hospitali kubwa Dar es Salaam, naye akaniomba niende nao. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu, na nje ya mlango wake watu walikuwa wamejipanga mpaka barabarani. Alimsikiliza Somoe kifua kwa muda mrefu. Kisha akaniambia mimi, kwa Kiingereza, juu ya kichwa cha Bakari na cha mtoto, kwamba milango ya moyo imekwisha kuharibika. Upasuaji wa kuirekebisha haukuwepo nchini, na wa kupelekwa nje walikuwa wengi kuliko nafasi, naye asingefika zamu yake. Tumpe vidonge vya kupunguza maji mwilini, tumkalishe kwa mito apate pumzi, akae na watu wake. Alipomaliza akageukia Kiswahili, akasema, "Mweleze mzazi. Ninyi mnajuana."

Tulitoka chumbani kwake, tukasimama ukumbini. Bakari alinishika mkono. "Kasemaje?"

Kabula, neno lilikuwepo mdomoni. Nililiona lilivyo fupi. Nikamtazama Bakari, shati lake jipya, Somoe amemwegemea nyongani, kandambili mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba hazimwingii. Nikasema, "Kasema ninyi mmekula samaki mno, mpaka moyo wa huyu bibi umejifunza kuogelea."

Bakari alicheka mpaka akajipangusa macho. Somoe naye alicheka. Nikaongeza kwamba dawa zipo, tutaanza nazo, tutaona. Bakari akasikia "dawa zipo." Hilo ndilo alilolichukua kurudi nalo Salale, na ndilo alilomwambia Mwanahawa.

Nilijiambia nitamweleza tukifika Kibiti. Tulipofika nikajiambia si vizuri mbele ya mtoto. Mtoto alipolala nikajiambia Bakari amechoka. Hivyo hivyo nikaisukuma miezi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu si huruma, ingawa nilipenda kuliita huruma. Nilipenda kupendwa. Nilipenda kuingia Salale watu wakinipigia kelele kutoka kwenye mitumbwi. Nilijua kwamba siku nitakayosema neno lile, nitaingia kijijini kimya kama karani wa kodi. Nilimnyima Bakari ukweli ili nisipoteze kicheko chake, na hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza.

Utakutana na daktari kama yule. Hakuwa mbaya, alikuwa na foleni. Atakuachia neno mkononi na kuondoka, na mzazi atakutazama wewe. Mimi nilipoachiwa langu sikujua nilifanyie nini. Siku hizi, kabla sijafungua mdomo, huuliza kwanza ni nani mwingine anapaswa awepo. Nilikuwa nikizungumza na Bakari tu kwa sababu ndiye aliyefunga safari na ndiye aliyelipa, kana kwamba Mwanahawa hakuwa na mtoto.

Ulipokuja msimu wa kuvuna mpunga Somoe alizidiwa. Bakari alimleta kwa boti hadi Nyamisati na kwa gari hadi kwetu, mara hii bila mama yake. Mwanahawa alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, yuko ndani, arobaini haijatimia. Alitaka kutoka hivyo hivyo. Wanawake wa nyumba wakamzuia, wakamwambia binti yuko mikononi mwa Mnyamwezi, kuna shaka gani. Akakaa.

Nilimlaza Somoe kitanda cha dirishani, tukakunja godoro jingine mgongoni kwake kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Ulikuja kumwona umeleta vijiwe vyako, mkacheza juu ya shuka, na mara ile akakuachia ushinde. Ulirudi nyumbani unaruka. Mimi nilijua kwa nini amekuachia, na nikaenda kupanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

Siku iliyofuata, baada ya chai, niliketi kando yake nikimpima mapigo. Nesi alikuwa upande wa wazazi, wodi ilikuwa tupu. Akaniita.

"Mnyamwezi."

"Naam, bibi."

"Mie nikifa, kaburi utachimba weye?"

Aliuliza huku anatabasamu, kwa sauti ile ile ya kunitania. Sasa angalia jinsi mtoto yule alivyokuwa na akili. Aliona kwamba watu wazima wote wanaogopa, akatafuta njia ambayo mimi niliizoea, akapitisha swali lake humo. Nami nikaona kicheko tu, au nilijifanya kuona kicheko tu. Nikajibu, "Nichimbe mimi? Na mgongo huu? Nitataka jogoo wawili na ndoo ya kamba kwanza."

Akacheka, akakohoa, nikamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia. Kisha akasema, "Utapewa. Lakini uchimbe kwetu. Usichimbe kwa watu. Mama anione kwanza."

Nikasema, "Lala, bibi. Wewe ndiye utakayenizika mimi."

Alinitazama kidogo. Hakuwa anatabasamu tena. Akageuza uso dirishani, akasema, "Haya."

Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimesikia watu wakilia kwa kila namna. Hakuna sauti inayonirudia kama ile "haya." Alikuwa amebisha hodi, akasikia kwamba ndani kuna mtu, na mtu yule hakufungua. Hakuniuliza tena chochote, hata maji alikuwa akimwomba nesi.

Jioni yake Bakari alikuja, akanivuta nje kwenye benchi. Alikuwa amekonda. Akasema, "Mtani, nisaidie. Kuna daktari amefungua zahanati yake mwenyewe kule Dar, ana mashine mpya, anachoma sindano, anatundika dripu, wanasema wagonjwa wa moyo wanatoka wanatembea. Nimpeleke, au nimrudishe Salale kwa mama yake? Sema weye. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Angalia alivyonirahisishia. Njia zote mbili kaziweka mbele yangu, na ya nyumbani kaitaja mwenyewe kwa mdomo wake. Nilichotakiwa kusema ni: mrudishe, mama yake amwone, nitakuja nanyi na vidonge na nitakaa. Boti ilikuwepo. Nilijua pia kwamba dripu kwa moyo ule ni kumwongezea maji mtu anayezama. Na maneno ya mtoto nilikuwa nayo masikioni, hayajapoa.

Nikasema, "Wewe si ndiye unayesema kisichouzwa ni jua tu? Kujaribu si vibaya, mtani."

Akapumua. Akanipiga bega. "Nilijua weye hutanikatisha tamaa," akasema. Asubuhi wakaondoka. Somoe alikaa mbele kwa dereva, ameegemezwa mito yetu miwili, ile ambayo mama yako aliulizia baadaye. Niliwapungia mkono nikasema neno la kuchekesha kuhusu Wanyamwezi kuachwa nyuma na msafara. Dereva alicheka.

Alikufa kabla wiki haijaisha, katika chumba cha kupanga huko mjini, amekaa, mgongo juu ya kifua cha baba yake kwa kuwa kulala hakuweza. Bakari hakumjua mtu yeyote pale ila mwenye nyumba. Majirani walimsaidia kama Waislamu wanavyosaidiana, akazikwa baada ya adhuhuri katika makaburi ya watu ambao hawakuwahi kumsikia jina. Bakari akarudi Salale na mito miwili.

Wewe uliniuliza, "Baba, Somoe atarudi lini?" Nilikuambia, "Atarudi mambo yakiwa mazuri." Uliweka vijiwe vyake kando kwenye kopo, ukamsubiri mpaka watoto wenzako shuleni wakakuambia. Siku ile hukulia. Ulikuja ukasimama mlangoni ukanitazama, ukaenda kwa mama yako. Labda umesahau. Mimi sijasahau, na nakuomba radhi leo kwa kuwa siku ile sikukuomba.

Mama yako aliniuliza jioni hiyo, "Ulimwambia Bakari?"

"Nilimwambia kwa namna yangu."

"Namna yako ipi?"

Akanipakulia ugali, akasema, "Namna yako huwa haina neno ndani." Hakuwahi kulirudia, lakini kwa miaka kadhaa nikianza kuchekesha wageni alikuwa anainuka kwenda jikoni.

Lililobaki ni baya zaidi. Msiba uliwekwa Salale, na walinisubiri. Mtani anasubiriwa. Waliweka pembeni jembe la mchezo na jogoo wa kunyang'anywa, wazee wakaulizana, "Mnyamwezi yuko wapi?" Nilituma neno kwamba kituo hakina mtu. Kituo kilikuwa na watu. Nilikuwa nimekaa stoo nahesabu sindano ambazo hakuna aliyeniagiza kuzihesabu. Nilimkimbia mtoto akiwa hai, na alipokufa nikamkimbia tena.

Na wakaanza kumlaumu Bakari. Shemeji zake walisema alimpeleka mtoto kufa kwa watu kwa kiburi cha fedha, kwamba alimtenga na mama yake. Mwanahawa aliyasikia mpaka akayaamini. Bakari alijitetea kwamba aliniuliza na mimi nikasema si vibaya, lakini nani atamlaumu mganga? Waliachana kabla ya masika mengine. Bakari alihamia Mafia. Ningeweza kuvuka mto siku yoyote nikasema, msimlaumu, aliniuliza nami nilijua. Sikuvuka.

Usidhani baada ya hapo niligeuka kuwa mtu mwingine. Nilibadilika pole pole na vibaya. Kulikuwa na mtoto wa kiume kutoka Ngorongo, tumbo limejaa uvimbe, hospitali kubwa imemrudisha. Nilisema mara hii sitakimbia. Nikamwita mama yake, bibi yake, na mjomba wake, nikaketi nao mkekani. Nikasema maneno mawili matatu ya kuzunguka, kisha likanitoka kwa ukali, kama mtu anayetema mfupa: "Hatapona."

Mjomba alisimama. "Weye ndiye Mungu?"

"Hapana."

"Basi nani kakupa hukumu ya mtoto wetu?"

Nilikuwa na mzaha tayari ulimini, nakuambia kweli, mzaha mzuri tu ambao ungemkalisha. Niliumeza. Bibi ndiye aliyesema, "Kaa chini, mwanangu. Mwache amalize. Sote tunaona, tulikuwa tunangoja mtu wa kusema."

Nikamaliza. Nikasema kuponya siwezi, lakini maumivu yapo ya kupunguza, na nitakuja. Kisha nikamgeukia mtoto, aliyekuwa amelala kando ya bibi yake, nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kulala nje na mbuzi wake. Mama yake akacheka huku analia. Hata hivyo walimpeleka kwanza kwa fundi mmoja wa dawa za kienyeji kule Umwe, na mimi niliwapa vidonge vya safari badala ya kugombana nao, maana mtu akitafuta uhai wa mtoto hafanyi kosa. Wakarudi. Mtoto alilala nje na mbuzi, siku si nyingi, akafa mapajani kwa bibi yake. Yule mjomba hanisalimii mpaka leo. Tukikutana sokoni anageukia upande wa nyanya.

Nakuambia hili ili usitegemee shukrani. Nilikuwa nimefikiri ukisema ukweli vizuri watu watakupenda kwa namna bora zaidi. Wengine hawatakupenda kabisa, na mtoto atakufa vile vile. Tofauti ni kwamba yule wa Ngorongo alikufa pale alipotaka, na waliompenda walikuwepo.

Wiki iliyopita niliaga kwamba nakwenda Salale kukagua dawa. Sikwenda kukagua dawa. Baada ya maneno yako ya kanisani sikupata usingizi, nikaona siwezi kukuaga wakati yupo mama mwingine ambaye sijampa cha kwake.

Mwanahawa alikuwa uani anapepeta mchele. Mtoto aliyezaliwa ule mwaka sasa ni mvulana mkubwa, alikuwa akikimbiza kuku. Aliponiona akaanza kama zamani, "Mpagazi umepotea njia?" Nikamwomba tuketi. Nikamweleza yote, daktari wa Dar, ukumbini, benchi, Bakari. Alisikiliza huku anapepeta. Nilipofika kwa Somoe pale dirishani, ungo ukasimama.

"Alisema nini?"

"Alisema, uchimbe kwetu, usichimbe kwa watu. Mama anione kwanza."

"Alisema 'mama anione'?"

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini. "Bakari aliniambia hakunena kitu njia nzima. Mie nikajua mwanangu kanikasirikia. Nikajua kafa ananiwaza, mama gani huyu, kakaa ndani na kichanga hakunifuata." Akanigeukia. "Miaka yote hii, Mnyamwezi."

Akasogea karibu yangu.

"Rudia," akasema. "Alivyosema yeye. Usipunguze."

Nikarudia. Akataka na maneno yangu pia, nikayasema, mgongo, jogoo wawili, ndoo ya kamba. Pale kwenye jogoo midomo yake ilicheza, karibu acheke, maana ulikuwa utani mzuri na binti yake alikuwa ameucheka. Kisha akajifunika uso kwa upande wa kanga. Nilikaa. Sikutafuta chupa za kupanga. Alilia kwa muda mrefu, mtoto akaja akasimama kando yake, akamshika bega.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana, kwa kuwa mtani akikutukana bado uko nyumbani. Alipomaliza alifuta uso, akatazama upande wa mto, maji yameanza kupwa.

"Maji yanatoka, Daktari," akasema. "Utakwama."

Kwa miaka yote ya kujuana kwetu mwanamke yule aliniita mpagazi, mwizi wa kuku, Mnyamwezi. Kuniita Daktari, hakuwahi hata mara moja. Alilisema kwa heshima zote, akaniaga kwa mikono miwili. Nikateremka hadi kwenye mtumbwi nikaondoka.

Nimeacha kuandika kidogo, mama yako ameingia na taa. Ameshinda kuhusu kanga, kama nilivyosema. Ameniuliza ninaandika nini kirefu hivi, nikamwambia ni la Somoe. Ameweka taa karibu yangu, akatoka bila neno, na leo hakwenda jikoni. Amekaa hapo mlangoni.

Kabula, najijua. Kesho gari likija nitakutania mbele ya watu. Nitasema begi lako linatosha msafara mzima, nitasema chuo kitajuta kukupokea, watu watacheka, nawe utapanda. Ukinisikia naanza, usicheke, mwanangu. Nishike mkono, uniulize nilikuwa nataka kusema nini.

Baba yako